Ngazi kali ndani ya kampa: kishikio, kisanduku cha nusu hatua au kuvunja ujenge upya?

Watu wengi tukienda kununua kampa, yani gari au trela lenye nyumba ndani yake la kusafiri na kulala humo, tunaangalia kitanda, jiko, choo, matenki ya maji, ngazi za ndani hatuziangalii kabisa, mpaka usiku wa kwanza unaamka saa nane kwenda chooni giza totoro unaanza kutafuta kipandio kwa kidole gumba cha mguu. Mimi hili jambo limenishughulisha sana kwa sababu mama yangu tunasafiri naye, goti lake la kulia lilishafanyiwa upasuaji, na vile vipandio vya kwenda chumba cha kulala ndo vilikuwa vinamfanya alale kwenye kochi sebuleni wakati kitanda kizuri kipo pale juu. Nimejaribu njia karibu zote zinazojaribika, zingine nimezifanya zikakaa, zingine nimezing'oa mwenyewe, kwa hiyo naziweka hapa upande kwa upande ili mwenye shida kama yetu achague kabla hajaanza kukata mbao.

Kwanza chukua futi ya kupimia. Pima kimo cha kila hatua, yani toka unapokanyaga mpaka panapofuata kwenda juu, halafu pima kina, ile nafasi ya kuweka unyayo toka ukingoni mpaka nyuma. Usipime moja ukadhani zote ziko hivyo hivyo, kwenye kampa unakuta ya chini ina sentimita 22 na ya juu 28 kwa sababu chini yake kumepita fremu au kumewekwa hita, na hiyo tofauti yenyewe ni hatari kuliko urefu, mguu ukishazoea hatua mbili za kwanza unainuka kwa kipimo kile kile hata kama ya tatu imepanda zaidi, hapo ndo watu wanajikwaa. Kanuni za nyumba za kawaida zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani hazitaki tofauti izidi kama milimita 9 na nusu kati ya hatua fupi kabisa na ndefu kabisa, ni kitu kidogo mno, karibu unene wa kidole cha mwisho.

Kwetu toka sakafu ya sebule mpaka sakafu ya chumba ni sentimita 75, hatua tatu za 25 kila moja, kina 20. Kuna kanuni ya zamani ya msanifu majengo Mfaransa wa karne ya 17, François Blondel, bado mafundi wanaitumia mpaka leo: kimo mara mbili ujumlishe na kina upate kama sentimita 63 hivi, kwa sababu ndo inalingana na hatua ya mtu anayetembea. Yetu inatoa 70. Mteremko wake unafika digrii 51, hiyo inaelekea kuwa ngazi ya kwenye meli kuliko ngazi ya nyumba. Na kuhusu goti, watafiti waliopima mzigo kwa kutumia magoti bandia yenye vipimo ndani yake walikuta kwenye ngazi goti linabeba zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili, na kushuka ndo kunabebesha zaidi kuliko kupanda, kwa hiyo mtu akikwambia "mimi kupanda naweza, kushuka ndo shida", hasingizii.

Sasa tuanze na kishikio dhidi ya kisanduku, maana hizi mbili ndo kila mtu anazifikiria mwanzo.

Kisanduku cha nusu hatua ni kile kiboksi cha mbao unachoweka chini ya kipandio cha kwanza ili hatua ya 25 igawanyike iwe mbili za 12 na nusu. Ni rahisi kutengeneza, plaiwudi ya milimita 18, skrubu na gundi, jioni moja umemaliza. Kishikio ni bomba au mpini unaofungwa ukutani. Watu wengi wanakimbilia kisanduku kwanza kwa sababu kinaonekana ndo kinapunguza tatizo, na mimi nilifanya hivyo hivyo, lakini nikimwangalia mama anavyopanda nikaona kitu ambacho sikukitarajia: hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya pili akasimama kabisa, mkono unapapasa ukuta mtupu, akashika fremu ya mlango wa chumba kwa ncha za vidole. Shida yake kubwa haikuwa kuinua mguu, ilikuwa ni kwamba akishauinua anabaki amesimama kwa mguu mmoja tu na hana pa kujishikiza. Kishikio kinampa mkono ufanye kazi pamoja na goti, kisanduku hakimpi hicho. Kwa hiyo kama una nafasi au nguvu ya kufanya kitu kimoja tu, mimi nasema kishikio, na nasema bila kusita.

Lakini kishikio nacho kinataka kufungwa vizuri, na hapa ndo kuna kazi, kwa sababu ukuta wa kampa sio ukuta. Ni plaiwudi nyembamba ya milimita 3 hivi imebandikwa kwenye fremu ya mbao nyembamba au alumini, katikati kuna foamu. Ukipiga skrubu kwenye sehemu isiyo na fremu inashika siku mbili, siku ya tatu mtu anaegemea anaondoka nayo. Tafuta fremu kwa sumaku ndogo, ipitishe polepole ukutani itanata penye vichwa vya skrubu au pini za chuma, hapo ndo mbao au alumini ilipo. Kama fremu haipo pale unapotaka kishikio, usilazimishe, chukua ubao wa milimita 18 urefu wa kutosha kufika kwenye fremu mbili, ufunge ubao kwenye fremu halafu kishikio ukifunge kwenye ubao kwa bolti zinazopenya na washa kubwa nyuma, uupake rangi ya ukuta na hautaonekana kama kiraka. Vile vishikio vya kunyonya na raba kwenye ukuta laini achana navyo kwa kazi hii, vinaachia bila taarifa, na fito za kubana kati ya sakafu na dari nazo hapana, dari ya kampa haikutengenezwa kusukumwa.

Ukubwa wa bomba pia una maana kuliko inavyodhaniwa. Viwango vya Marekani vya majengo ya watu wenye ulemavu vinataka kishikio cha mviringo kiwe kipenyo cha milimita 32 mpaka 51, nafasi kati yake na ukuta milimita 38, na kiweze kubeba nguvu ya kama kilo 113. Bomba nene sana mkono mdogo haulifungi, jembamba sana linakata kiganja ukivuta uzito. Mama alichagua la 32, mume wangu alitaka la 40, tukaweka la 32 kwa sababu mwenye shida ndo anayechagua.

La kulala sambamba na mteremko au la kusimama wima? Kwa hatua mbili tatu mimi napendelea la wima, sentimita 60 hivi, likae karibu na hatua ya mwisho ya juu, kwa sababu mtoto analishika chini na mtu mzima juu, na ukifika juu unaweza kuzungusha mwili huku bado umeshika. La mteremko ni zuri kama hatua ni nne na kuendelea, mkono unateleza nalo. Kosa ambalo nimeliona kwenye kampa nyingi, hata zile zilizotoka kiwandani na kishikio chake, ni kwamba kishikio kinaishia kabla ya hatua ya juu, kwa hiyo unapotaka kuanza kushuka, tena ndo wakati mbaya kuliko wote, usingizi bado uko machoni, mkono hauna kitu mpaka uwe umeshashuka hatua moja. Kivushe juu ya hatua ya mwisho angalau sentimita 30.

Turudi kwa kisanduku maana sijakikataa. Kina sehemu yake, na sehemu yake ni pale ambapo hatua ni moja au mbili tu, au pale ambapo ya chini ndo ndefu kuliko zingine. Kama ya kwanza ni 40 na zinazofuata ni 20, kisanduku cha sentimita 20 kinabakiza 20, umepata hatua zinazolingana, safi sana. Lakini kama zote ni 25 kama zetu, ukiweka kisanduku chini unapata 12 na nusu, 12 na nusu, 25, 25. Yani umeufundisha mguu hatua ndogo halafu ghafla unadai mara mbili yake. Na ukisema basi niweke visanduku juu ya kila kipandio, nafasi inakataa, kipandio chenye kina cha 20 ukikigawanya unabaki na 10 na 10, unyayo wa mtu mzima unakaa nusu hewani.

Halafu kisanduku lazima kifungwe. Plaiwudi ya milimita 18 aina ya birch inafika kilo 12 kwa mita moja ya mraba, kisanduku kizima kina uzito wa kutosha kuruka na kuumiza mtu ukikanyaga breki ghafla. Vibano vya pembe viwili sakafuni vinatosha, au kama unataka kiwe kinatoka, tepu pana ya kunata ya manyoya na ndoano pamoja na kamba ya kukifunga wakati gari linatembea. Chini ya kisanduku weka raba ili kisihame mtu akikanyaga ukingoni, na upana wake uache kama nusu ya njia wazi, mwenye miguu mirefu atapita pembeni bila kukigonga na ugoko. Mfuniko wa bawaba juu unapata stoo ya viatu, hilo ndo jambo moja ambalo familia nzima ililisifia.

Kuvunja na kujenga upya je? Hii ndo dawa kamili na ndo inayokula nafasi. Chukua zile sentimita 75 zetu, badala ya hatua tatu ziwe nne, kila moja inashuka mpaka 18.75, na kwa kina cha 25 kanuni ya Blondel inatoa 62 na nusu, mteremko unashuka mpaka digrii 37, hapo umepata ngazi ya nyumba kabisa. Lakini hesabu sakafu: zamani vikanyagio vilikuwa viwili vya 20 (hatua ya mwisho inakanyaga sakafu ya chumba yenyewe), jumla 40, sasa ni vitatu vya 25, jumla 75. Umemeza sentimita 35 za korido, na kwenye kampa hizo 35 ndo mlango wa choo unapofungukia au ndo mahali friji inapohitaji kufunguka. Sisi zilitushinda hapo. Kama kampa yako ina korido ndefu au sebule kubwa na unaishi humo mwaka mzima, jenga upya, usiogope, goti litakushukuru kila siku, ila kama unatoka nayo wiki chache kwa mwaka sioni kama inalipa kupoteza njia.

Kuna njia ya katikati ambayo watu wanaisahau: usiguse kimo, ongeza kina tu. Ubao wa kikanyagio ukitokeza mbele sentimita 2 au 3 kuvuka uso wa hatua unapata pa kuweka kisigino wakati wa kushuka, bila kuchukua nafasi ya korido zaidi ya hizo tatu. Ila usitokeze zaidi ya hapo, ncha ya kiatu inanasa chini yake wakati wa kupanda.

Na jamani kabla hujachoma skrubu au kukata chochote kwenye hizo ngazi, fungua uangalie kuna nini ndani. Kwenye kampa nyingi, hasa zile ndefu za kuvutwa ambazo chumba kinakaa juu ya mkia wa gari la kuvuta, hita ya gesi imewekwa chini ya ngazi na lile wavu kwenye uso wa hatua ni njia ya hewa kurudi kwenye hita. Ukiliziba kwa kisanduku hita inakosa hewa, inapata joto kupita kiasi, inajizima au vifaa vyake vinachakaa haraka. Waya, mabomba ya maji na mabomba ya hewa moto nayo yanapenda kupita hapo. Pia kama kampa yako ina ukuta wa kutoka nje, ule unaosogea kuongeza sebule, urudishe ndani kwanza halafu ndo upime, kisanduku kizuri kabisa kinaweza kuvunjwa vipande siku ya kwanza ya safari kwa sababu ulikipima ukuta ukiwa nje.

Sasa kuna ngazi za kupishana miguu, zile ambazo kila kikanyagio kimekatwa upande mmoja, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ukiziangalia kwenye picha zinavutia na kwa hesabu zinafanya kazi: kwenye ngazi ya kawaida ya hatua za 25, mguu ukipanda mmoja mmoja kwa zamu unainuka sentimita 50 kila mara kwa sababu unaruka hatua ya mwenzake, kwenye za kupishana zilizogawanywa kwa 12 na nusu unainuka 25 tu, ndani ya nafasi ile ile. Kanuni za usalama kazini za Marekani, OSHA, zinaziruhusu kwa mteremko wa digrii 50 mpaka 70, ndo mteremko wa kampa. Kwa kijana mwenye magoti mazima asiye na nafasi mimi ningemwambia aziweke. Lakini kwa mtu mwenye goti bovu hapana kabisa, na sababu yake ni hii: mtu wa aina hiyo hapandi kwa zamu, anapanda mguu mzima kwanza halafu anauleta mgonjwa kwenye kipandio kile kile, na kushuka anatanguliza mgonjwa, ndivyo wataalamu wa mazoezi ya viungo wanavyofundisha. Kwenye ngazi za kupishana huwezi kuweka miguu miwili sehemu moja, inakulazimisha goti bovu libebe zamu yake. Mama alizijaribu kwenye kampa ya jirani yetu wa kambini, akapanda hatua mbili akasema nishushe. Kuzishuka ukiwa umegeuka mbele inawezekana, lakini lazima uanze na mguu sahihi kila mara, saa nane usiku nani anakumbuka.

Kitanda cha juu ya dereva ni habari nyingine, pale hakuna ngazi za kujengwa, kuna ngazi ya kuchomeka yenye fito. Fito za bomba la mviringo dhidi ya vikanyagio bapa: chagua bapa, angalau sentimita 8 upana, bomba linaumiza unyayo mtupu na watu hawavai viatu kwenda kulala. Ndoano za juu ziwe na kitu cha kufungia ili isichomoke ikivutwa, miguu ya chini iwe na raba, na ushuke ukiwa umeangalia ngazi, mgongo nje, kama mabaharia. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya nyonga au goti mimi sitafuti ngazi bora hapo, nabadilisha kitanda, meza ya chini inageuzwa kitanda chake, watoto ndo wanapanda juu.

Upande wa kinachokanyagwa. Tepu ya mchanga inashika kuliko vyote lakini inakwaruza miguu mitupu na kona zake zinabanduka usipofuta ubao kwa spiriti kwanza. Kapeti ni laini na ya joto, shida yake inauviringisha ukingo na kuficha mwisho wa kipandio, na kapeti nene inakula sentimita moja ya kina ambacho tayari hakitoshi. Raba yenye mistari iko katikati na ndo tuliyobaki nayo. Chochote utakachoweka, ukingo wa mbele uwe na mstari wa rangi tofauti kabisa, upana wa vidole vitatu, macho ya mtu mzima hayaoni kahawia juu ya kahawia.

Taa ndo kitu ambacho ningekiweka siku hiyo hiyo na kishikio. Utepe wa LED wa volti 12 wa wati 4.8 kwa mita unakula ampea 0.4 tu, ukiwa na sensa unawaka dakika moja na kuzima betri haitajua. Ubandike chini ya ukingo uangaze kikanyagio cha chini yake, sio usoni, na uwe wa rangi ya joto ili usingizi usiruke. Zile za betri ndogo zenye sensa ni rahisi kuweka, ila zinaisha chaji usiku ambao unazihitaji, kama waya upo karibu vuta waya.

Ambaye ana mbwa mzee atauliza habari ya njia ya mteremko badala ya ngazi: kupanda sentimita 75 kwa digrii 20 unahitaji ubao wa zaidi ya mita mbili, ndani ya kampa haiingii, mbebe tu.

Kwetu ilivyoishia ni kishikio cha wima upande wa kulia akiwa anapanda, kingine kifupi kushoto kwa ajili ya kushuka kwa sababu upande wa goti unageuka, vikanyagio vimetokezwa sentimita 2 na nusu, raba, mstari mweupe, na taa. Kisanduku nimekitoa ngazini nikakiweka pembeni mwa kitanda chake, pale kinafaa sana kwa sababu ni hatua moja tu. Kabla sijafunga chochote nilimwekea mfano kwanza kwa siku tano, vipande vya mbao vimefungwa kwa tepu na kishikio kimekamatwa kwa klampu kwenye fremu ya mlango, tukakisogeza juu na chini mara nne mpaka mkono wake ukawa unakifikia bila yeye kukitazama, ndo nikaweka alama ya penseli na kutoboa. Bolti zote zina nati zenye nailoni ndani, na bado baada ya safari ndefu ya kwanza nilikuta mbili zimelegea, kwa hiyo spana inakaa kwenye droo ya jikoni na kabla ya mama kulala siku ya kwanza ya kila kambi navuta kishikio kwa uzito wangu wote.